Hasira ya mkizi: barua niliyoiandika kwa dakika 20, na maamuzi tunayoyafanya moyo ukiwa juu

#1 – Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili, na karibu kila wiki nakutana na nyuzi zinazofanana: mtu ameacha kazi, ameuza kiwanja, ametoa talaka au amevunja undugu kwa ujumbe mmoja wa simu, kisha baada ya siku chache anakuja kuomba ushauri wa namna ya kurudi alikotoka. Wengi huwajibu kwa kuwalaumu, kana kwamba jambo hili ni la watu wenye hulka mbaya peke yao. Mimi lilinipata nikiwa mtu ambaye kila aliyenifahamu alinisifu kwa upole, na ndiyo maana naomba kulieleza kwa urefu.

Mwaka 2016 nilikuwa mtunza ghala katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere, na nilikuwa nimetimiza miaka 7 kazini. Asubuhi moja ya Jumatatu meneja aliingia ghalani na karatasi za hesabu ya mali iliyofanyika Jumamosi, siku ambayo sikuwa zamu, akaniuliza mbele ya vibarua na madereva waliokuwa wakisubiri kupakia kwamba katoni 40 zimekwenda wapi. Nilipoanza kueleza, alinikata kauli akasema kuwa wizi siku zote huanzia kwa mwenye funguo. Leo maneno mengine yote yamenitoka, lakini mambo madogo ya dakika zile bado ninayo: masikio yalipata moto, maka peni niliyokuwa nimeishika niliibana hadi kifuniko kikapasuka, na dereva mmoja aliyekuwa rafiki yangu wa siku nyingi akainamisha uso akatazama sakafu. Yule dereva kutazama sakafu ndiko kulikonimaliza.

Nilipanda ofisini, nikaandika barua ya kuacha kazi yenye aya 4, nikaituma kwa barua pepe kwa meneja, kwa mkurugenzi na kwa wakuu wote wa idara. Tangu kutoka ghalani hadi kubonyeza kitufe cha kutuma zilipita dakika 20. Kabla ya saa sita mchana nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba barua imepokelewa na imekubaliwa. Nilichukua mfuko wangu nikaondoka, na sikurudi kutumikia notisi.

Siku ya Jumatano mwenzangu alinipigia simu. Katoni zote 40 zilikuwa zimehamishiwa ghala la pili Ijumaa jioni, na hati ya kuhamisha mali ilikuwa bado mezani kwa karani, haijaingizwa kwenye mfumo.

Yaliyofuata naomba niyaseme kwa hesabu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyenifanyia hesabu hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, kama inavyomtaka mwajiri wake, kutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika siku hizo mwajiri ana haki ya kukata kiasi hicho kwenye fedha ambazo mfanyakazi huyo anamdai. Nilikatwa. Malipo ya kiinua mgongo, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hutolewa pale mwajiri anaposimamisha ajira, hivyo aliyeacha mwenyewe hana dai. Meneja angenifukuza siku ile, ningekuwa na siku 30 za kupeleka shauri langu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nadhani ningesikilizwa. Miezi michache baadaye kampuni ilipunguza wafanyakazi, na wenzangu waliondoka na notisi iliyolipwa, likizo zilizolipwa na kiinua mgongo. Kwangu kiinua mgongo peke yake kingekuwa mshahara wa siku 49. Nawakumbusha pia walioajiriwa sasa kwamba fao la kukosa ajira lililokuja na mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya 2018 halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Wazee wa pwani wana methali isemayo kwamba hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi. Mkizi ni samaki mwenye tabia ya kuruka juu ya maji anaposhtushwa, na mara nyingine huangukia ndani ya chombo cha mtu ambaye wala hakuwa amemtupia nyavu. Methali hii niliisoma nikiwa shule ya msingi nikajibu swali lake la mtihani kwa usahihi, lakini niliielewa nikiwa na miaka 34, nilipotambua kwamba hasira yangu ya haki kabisa ilikuwa imemwokolea mtu mwingine fedha zake.

Nasema ya haki kwa makusudi, kwa kuwa ushauri mwingi tunaopeana hukosea hapo. Tunamwambia mtu "tuliza hasira" kana kwamba hasira yenyewe ndiyo kosa. Mimi nilidhalilishwa kweli, na hesabu ya mali ilifanywa kweli bila mwenye ghala kuwepo. Nilikuwa na lalamiko zuri, nikalichoma moto lote kwa dakika 20.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini watu wa rika la baba yangu, ambao hawakuwa wapole kutuzidi, walifanya mambo haya mara chache zaidi. Jibu ninaloliona ni kwamba maisha yao yalikuwa yamejaa vizuizi ambavyo sisi tumeviondoa. Baba akikasirishwa na ndugu yake aliyeko Tabora, ilimlazimu atafute karatasi, aandike, anunue bahasha na stempu, kisha aende posta, na kati ya nyumba na posta kulikuwa na jirani wa kusalimiana naye na jua la kumchosha. Nakumbuka barua mbili ambazo hazikufika posta. Tulizikuta kwenye sanduku lake baada ya mazishi, bahasha zikiwa zimeandikwa anwani na hazijabandikwa stempu. Ndugu yule ndiye aliyesimamia msiba wake. Barua zile zingefika, sijui kama angekuja.

Sisi leo tunatuma ujumbe kabla mate hayajakauka mdomoni. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na ni neema kubwa ambayo imewaokoa wagonjwa wengi. Lakini imeondoa pia ile safari ya kwenda benki, foleni yake, na siku ya Jumapili ambayo benki ilikuwa imefungwa. Mtu aliyepoteza fedha kwenye kubeti saa tano usiku anaweza kukopa kwa simu saa tano na dakika mbili ili arudishe alichopoteza, na hakuna mlango hata mmoja kati yake na shimo.

Nisieleweke kwamba nazungumzia hasira tu. Nimeshuhudia furaha ikivunja nyumba: mtu amesimama kwenye kikao cha harusi, kamati inampigia makofi, anatangaza mchango kwa fedha zilizokuwa za ada ya shule ya watoto wake. Nimeshuhudia pia huruma, na ndiyo niiogopayo zaidi, kwa sababu inakuja na sura ya wema. Katika kikoba chetu mama mmoja alimdhamini mwenzake kwa sababu mwenzake alikuwa akilia pale pale mezani, na fomu ilikuwa mbele yake, na kalamu iliwekwa mkononi mwake. Aliniambia baadaye, "Kaka, ningempa hata figo saa ile." Hisa zake zote zilikwenda kulipa deni lile. Aibu nayo ni hivyo hivyo. Wengi wetu tumenunua kitu tusichokihitaji kwa sababu muuzaji alitutazama kana kwamba hatuna uwezo.

Ninavyoishi sasa ni hivi. Moyo ukiwa juu, kwa hasira au kwa furaha, ninajiuliza swali moja tu: nikiamua kesho badala ya leo, nitapoteza nini? Mara nyingi sana jibu ni kwamba sipotezi kitu, na anayenisukuma niamue leo ndiye mwenye kupoteza. Nimejizoeza pia kusema, "Nimekusikia, nitakujibu kesho saa nne asubuhi." Saa ni lazima itajwe. Ukisema "nitafikiria," mtu atakufuata hadi mlangoni. Ukimpa saa, anaona umemheshimu na anakuacha, nawe una deni la kujibu. Ujumbe wa hasira ninauandika wote bila kujizuia, lakini ninauandika kwenye daftari la karatasi, wala si kwenye simu, kwa sababu kidole kinajua njia ya kitufe kuliko akili.

Naomba michango yenu, na zaidi naomba wanaopingana nami waseme.

#3

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, na naomba kuongeza upande wa mwili, kwa sababu wagonjwa wengi hudhani kwamba kushindwa kujizuia ni udhaifu wa imani au wa malezi peke yake.

Ndani ya ubongo kuna kiini kidogo kiitwacho amigdala ambacho kazi yake ni kutambua hatari na kupiga kengele, na hakitofautishi sana kati ya nyoka aliye mlangoni na meneja anayekuita mwizi mbele ya watu. Kengele ikilia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli, na kwa muda huo sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo inayopima matokeo ya kesho na keshokutwa, hupungukiwa na usemi. Adrenalini hupungua mapema, lakini homoni nyingine iitwayo kotisoli hupanda taratibu na hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Mleta mada ataona kwamba barua yake ilitumwa mwili ukiwa bado unapanda mlima. Mtu mwenye njaa au aliyekesha hupanda mlima huo haraka zaidi, na sisi tunaofanya zamu za usiku tunalijua hilo vizuri.

Jambo la pili ni jina la hisia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wa picha za ubongo ulioonyesha kwamba mtu anapoitaja hisia anayoiona kwa neno, amigdala hutulia na sehemu ya mbele huamka. Kiswahili chetu ni tajiri katika hili. Tuna hasira, ghadhabu, hamaki, uchungu, kinyongo, fedheha, husuda, na kila neno lina mahali pake. Mleta mada anasema alikuwa na hasira, lakini kwa maelezo yake ya dereva aliyetazama sakafu, mimi nasoma fedheha. Dawa ya fedheha ingekuwa kusafishwa mbele ya watu wale wale, ambalo ni jambo lililowezekana kabisa siku ya Jumatano. Kuacha kazi kulimnyima nafasi hiyo.

#4 – Mleta mada

Dada, nimeusoma mchango wako mara tatu. Miaka yote hii nimekuwa nikiita hasira. Ni fedheha. Nashukuru sana.

#6

Mleta mada umeomba wanaopinga, nami napinga, kwa heshima.

Niliishi miaka 5 katika ndoa ambayo kila nilipolia niliambiwa nisubiri hasira ipoe. Mama mkwe aliniambia hivyo, mchungaji aliniambia hivyo, na mama yangu mzazi aliniambia hivyo. Kila hasira ilipopoa, nilibaki pale pale. Siku niliyoondoka nilikuwa na ghadhabu ambayo sijapata kuwa nayo tena maishani. Ilikuwa saa nne usiku, nilikuwa na watoto 2 na begi moja, na mtoto mdogo alikuwa amevaa ndala mbili za rangi tofauti kwa sababu sikutaka kuwasha taa. Ningengoja kesho saa nne asubuhi, huenda leo nisingekuwa naandika. Kwa hiyo naomba mseme wazi kwamba kuna watu ambao kwao subira imekuwa kamba ya kuwafungia.

#7 – Mleta mada

Dada yangu, kwanza pole, na nakubali kwamba niliandika kana kwamba kila anayesukumwa anasukumwa na muuzaji au na kikoba.

Kukimbia hatari ndiyo kazi ambayo hofu na ghadhabu viliwekwa mwilini kuifanya, na hapo hakuna la kusubiri. Ile nguvu aliyoieleza muuguzi hapo juu ndiyo iliyokubebea watoto wawili gizani. Ninachokiogopa mimi ni sahihi, ahadi, mauzo na maneno yasiyorudishika yanayotolewa na mtu ambaye hakuna anayemgusa. Naona pia kwamba uamuzi wako haukuwa wa usiku ule. Ulikuwa umeupima kwa miaka 5, na ghadhabu ilikuja kufungua mlango tu. Wangu haukuwa na hata siku moja ya kupimwa.

Kwa yeyote anayesoma akiwa katika hali kama yake, kwenye vituo vingi vya polisi nchini kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri zina maofisa ustawi wa jamii. Nenda ungali na hasira hiyo hiyo.

#10

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima wa Tanga, na nimekaa katika mabaraza ya usuluhishi kwa miaka mingi.

Mwanangu mleta mada amesema kwamba wazee walikuwa na vizuizi. Ni kweli, na vingi viliwekwa kwa makusudi. Posa haijibiwi siku ile ile. Wageni hunywa chai, mshenga husema maneno yake, na mwenye binti hujibu, "Tumesikia, tutawaletea jibu," hata kama jibu analo tangu alipowaona wanavuka barabara. Katika mafundisho yetu mwenye hasira akiwa amesimama huambiwa aketi, isipomtoka alale, na hakimu amekatazwa kuhukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira. Aliyetoa talaka rejea ana muda wote wa eda kumrejea mkewe bila ndoa mpya. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, haipokei shauri la kuvunja ndoa ambalo halijapitia baraza la usuluhishi.

Katika baraza nimejifunza jambo moja. Wanaume wanaokuja wakiwa wamekwisha kutamka talaka tatu kwa mkupuo, kisha wakaja wakilia, karibu wote hunieleza ugomvi wenyewe kwa maneno machache sana: chai ya baridi, simu isiyopokelewa, shemeji aliyekaa siku nyingi. Nikiwauliza lile lililokuwa nyuma ya chai, hapo ndipo huanza kuzungumza, na mazungumzo hayo huchukua hata saa mbili. Laiti wangeyaanza wao wenyewe nyumbani, kabla ya ulimi. Kwa hiyo namuunga mkono binti aliyeandika kuhusu fedheha.

#12

Mkuu, nina swali. Hiyo barua ya aya 4 bado unayo? Na je, ukiisoma leo unaonaje?

#13 – Mleta mada

Ninayo. Nimeitafuta jana usiku baada ya kusoma swali lako, nikaisoma kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni.

Aya ya kwanza inamtuhumu meneja kwa mambo ya miaka mitatu nyuma ambayo sikuwahi kuyasema kwa mtu. Aya ya pili inamtaja mke wa mkurugenzi, na sitaieleza hapa. Aya ya nne ni ya kuwatakia mabaya. Aya ya tatu ndiyo pekee inayozungumzia siku ile, na imekaa katikati ya matusi kiasi kwamba hakuna mkurugenzi ambaye angefika pale akiwa bado na nia ya kusikiliza. Nilichukua daftari nikaitoa aya hiyo peke yake, nikafuta maneno ya kuumiza, nikaongeza tarehe. Imebaki hivi:

"Hesabu ya mali ya Jumamosi ilifanyika bila mtunza ghala wala mwakilishi wake kuwepo. Leo asubuhi nimeitwa mwizi mbele ya vibarua na madereva kwa msingi wa hesabu hiyo. Naomba hesabu irudiwe nikiwepo, pamoja na hati za kuhamisha mali za wiki iliyopita. Ikionekana kwamba sina kosa, naomba hilo lisemwe mbele ya watu wale wale."

Kuiandika kumenichukua dakika 11. Kesho nitampigia simu yule dereva. Tangu siku ile hatujawahi kuzungumza kuhusu ghala.